Yule Ndege Mwekundu wa Ukutani

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na kwamba dawa unazimeza badala ya kuzificha chini ya mto. Shangazi ameniambia mnataka kuipaka nyumba nzima rangi mpya. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka.

Uliniandikia kuwa ukipona tu utakuja hapa makumbusho kumwona ndege aliyechorwa ukutani na marehemu kaka. Kabla hujafunga mzigo, mama, nisikilize kwanza.

Ndege yule alitoweka duniani zamani mno, ikabaki alama ya manyoya kwenye jiwe. Kaka aliponiuliza alikuwa na rangi gani, nilimjibu hakuna ajuaye, apake aipendayo. Akapaka nyekundu, nusu ukutani, nusu kwenye suruali yake.

Mwaka huu maabara yetu imepata hadubini mpya. Ajabu yake, picha zake ni kijivu tupu. Lakini inaonyesha vichembe vilivyoupa unyoya rangi, vidogo kuliko vumbi, nasi tunavilinganisha na vya ndege walio hai. Vya mviringo huwa vya wekundu wa kutu, virefu huwa vya weusi. Nilipoweka kipande cha lile jiwe niliomba kimoyomoyo, jamani, viwe mviringo. Vikawa virefu vyote. Nikajaribu kipande kingine, na kingine, mpaka mkuu wangu akaniuliza taratibu kama natafuta rangi ya ndege au namtafuta kaka. Nililia mbele yake bila haya.

Alikuwa mweusi tii, mama. Uongozi ukaagiza ukuta urekebishwe, akaitwa mchoraji mwingine.

Sasa nikuambie lenyewe. Mchoraji huyo nilimwomba arudi kwao. Jana nimempaka yule ndege weusi mimi mwenyewe, kwa brashi ya kaka, maana sikutaka mkono wa mgeni upite juu ya mkono wake. Roho iliniuma, we acha tu. Usije kumtafuta yule mwekundu, hayupo tena.

Ila kuna siri kaka alinikataza kukuambia, akiogopa utamgombeza. Lile kopo la rangi lililobaki ulipopaka mlango wa jikoni, ukamnunia jirani miezi kwa kudhani ameliiba, alilichukua yeye. Ndilo lililompaka ndege. Kwa hiyo hao mafundi wakija, mama, nyumba yote wapake, lakini mlango wa jikoni wasiuguse.

Nisalimie shangazi, na yule jirani umwombe radhi.

Ni mimi kitinda mimba wako,
niliyebaki.