Mama Haachi Kazi, Kitakachobadilika ni Kiti

Nyumbani, karakana ya nyuma
Jumapili, 8 Machi

Mpendwa mdogo wangu Mlingoti,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na watoto, bado wanagombania kukaa dirishani, au wameshakua wakapata jambo jingine la kugombania? Sisi huku tu wazima. Baba kikohozi kimemwachia, amerudia kelele zake za kawaida, nasi tunashukuru, maana alipokuwa kimya nyumba ilikuwa haikaliki. Boriti ya juu ya mlango wa jikoni nayo inaulizia hali ya paji lako la uso, ulilokuwa ukiligonga kila ukiingia.

Barua yako kwa Mama imefika. Tuliisoma pamoja, kisha nikaomba niijibu mimi. Unasema mgongo wake umechoka, aiache cherehani, aje akae kwako apumzike. Najua ni mapenzi. Lakini mdogo wangu, hukumuuliza anataka nini. Mimi nilimuuliza hata kabla ya barua yako, akaniambia, "Nataka kushona. Nisichotaka ni kuumia." Hapo ndipo niliposhika uzi, na siuachii.

Mambo yalikuwa mabaya, sikufichi. Mama alikuwa akimaliza kazi ananyanyuka kwa kushika meza, kisha ukuta, kisha bega langu. Kiunoni alijifunga mshipi wa kitambaa kizito, ameukaza mpaka anapumua kwa shida, na ukimuuliza anasema ni baridi. Alikuwa anajikaza kisabuni tu. Tajiri wao pale kiwandani si mtu mbaya, ila alishamwambia kwamba akizidi kukosa siku, cherehani yake atapewa mwingine. Unga ulikuwa unakaribia kumwagika.

Nikamwomba Tajiri aniruhusu niwatengenezee mafundi wake viti vipya badala ya vile vigoda wanavyokalia. Mimi seremala, si ndiyo kazi yangu? Nikatangaza siku ya kuja kupima. Laiti ningekuja bila kutangaza! Siku hiyo mafundi wote walikuja wamependeza, viatu vya kutokea, nywele zimetengenezwa. Mmoja mmoja akakaa mbele yangu mgongo wima, magoti pamoja, mikono mapajani, kama anapigwa picha ya pasipoti. Mama naye alikuwa amevaa hereni zake za harusi. Nikapima kila kitu, nikarudi karakana nimefurahi.

Viti vilipofika kila mtu alivisifu. Kisha kazi ikaanza, na wote wakainama kuifuata sindano. Maegemeo niliyoyapiga msasa mpaka yakang'aa hayakugusa mgongo wa mtu. Kufikia mchana yalikuwa yametundikwa mikoba. Nilikuwa nimewatengenezea viti vya kupigia picha! Fundi wa Vifungo, yule mcheshi anayekaa karibu na Mama, akaniuliza mpiga picha anakuja saa ngapi. Nilicheka nao, lakini nilipofika nyumbani nililia. Barua yako ikaingia wiki hiyohiyo, na hata Baba akaanza kusema pengine uko sahihi.

Nikapiga moyo konde. Nikarudi, safari hii bila tepu ya kupimia. Niliomba cherehani isiyo na mtu kando ya Mama, nikakaa hapo kutwa nikipinda vitambaa vibovu na kuwatazama wakifanya kazi yao kama wanavyoifanya siku zote. Kumbe kigoda kilikuwa mkosaji mmoja tu. Kikanyagio cha Mama kiko mbali upande wa kulia, kwa hiyo anashinda amejipinda nyonga. Meza ni fupi, kwa hiyo shingo inateremka. Na nguo zilizokatwa zinarundikwa sakafuni kushoto kwake, kila akimaliza moja anainama kuchukua nyingine. Niliuiga mkao wake kwa siku moja tu, jioni sikuweza kufunga viatu.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kusema.

"Ningesema nini? Nilivikuta vimekaa hivyohivyo."

Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Mtu anaupinda mwili wake miaka na miaka kuifuata mbao, na mbao ndiyo inayokubali randa!

Tukaanza upya, mimi nikileta, wao wakikataa. Kiti cha kwanza Mama alikirudisha kabla hata ya chai. "Hiki kinanisukuma kama mtu wa nyuma kwenye foleni," alisema. Nikapunguza mteremko wa kikalio. Egemeo nikalifupisha, likashika kiuno tu, palepale mshipi unapokaa. Meza nikaiinua kwa kabari, kikanyagio tukakisogeza, nguo zikapata sanduku lenye miguu, usawa wa kiwiko. Lakini kiti kilichomfaa Mama kilimning'iniza miguu Fundi wa Vifungo, ambaye kama unavyokumbuka Mungu alimkatia kwa kubana kitambaa. Basi nikatoboa matundu kwenye miguu ya viti, sasa vinapanda na kushuka kwa vigingi, na yeye nikampa kibao cha kukanyagia. Hataki mtu akiguse.

Tajiri alikuwa akitutazama kwa mbali, mikono nyuma. Juzi akaja akakaa kwenye kiti cha Mama, akashona mshono mmoja. Kisha akasema nitengeneze vya safu nzima. Ile habari ya kumpa mwingine cherehani hakuigusa. Aliyeigusa ni Mama, mbele ya watu wote.

"Kwa hiyo mimi bado nipo?"

"Sasa uende wapi, mama?" Tajiri akajibu, na kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Sitakudanganya kwamba mgongo umekuwa wa msichana. Asubuhi bado unamsumbua. Nimempa sharti la kusimama na kujinyoosha kila anapomaliza fungu la nguo, na analitimiza huku akininung'unikia. Nitaendelea kupiga randa na kuchonga mpaka manung'uniko yenyewe yaishe. Kwa hiyo elewa vizuri: Mama haji kwako kustaafu. Anakuja likizo, na nguo za watoto alizozishona mwenyewe, kisha anarudi kazini. Ukitaka kubishana, bishana nami, yeye hana nafasi.

Jana niliutafuta ule mshipi wake niufue. Chumbani haupo, kambani haupo. Nikaja kuukuta kiwandani, juu ya cherehani. Ameukata vipande viwili, anapangusia mafuta.

Baba anakusalimu kwa sauti unayoijua. Shemeji yako anakusalimu, wapwa zako wanasema usisahau mpira uliowaahidi, na Mama Mdogo anauliza kama umenenepa. Nisalimie wifi yangu, na watoto waambie shangazi yao anawafikiria kila anaposhika msumeno.

Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu salama. Nami wiki hii, nikishamaliza viti vya Tajiri, naishusha ile boriti ya jikoni niipandishe juu zaidi. Ukija, ingia umesimama wima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata unapokosea,

Fundi