Namba Yangu Kifuani Mwako

Mdogo wangu Taiwo, pacha uliyenitangulia kuzaliwa kwa kutumwa na mimi mkubwa wako, kama mila yetu isemavyo,

Natumaini mguu wa mama umepata nafuu, na viazi vikuu ulivyovuna havijaoza. Hapa kambini kaskazini ni vumbi tupu, na uji wao mwepesi kama maji ya kunawia.

Kila asubuhi tunakimbia maili mbili, nami nafika wa mwisho. Sajenti hunifokea, "We Kehinde! Siku ya majaribio ulishika namba moja. Zile mbio umeziacha kwenu?"

Nimwambie nini? Kwamba ulivaa namba yangu ukakimbia badala yangu, na zamu yako ilipofika miguu ikakuishia nguvu katikati ya njia, ukarudishwa nyumbani?

Jumapili Lekan, kuruta mwenzangu wa kwetu, alinishika bega. "Kaka, jina lako linakusema. Kehinde hazaliwi peke yake. Taiwo wako yuko wapi?"

Ningesema uko nyumbani, wangeng'amua siku hiyo hiyo kwamba ni wewe uliyekimbia. Nikajibu, "Alifariki."

Lekan alilia, Taiwo. Mimi sikulia. Akaenda jikoni kuomba maharage, chakula chetu sisi mapacha, akaweka sahani mbili: yangu na ya marehemu. Nikala yangu. Akaniambia marehemu hula kwa mdomo wa pacha wake, nisiiache yako ipoe. Nikaila pia, yote, huku ananitazama.

Usimwambie mama. Ila niandikie upesi, hata yakiwa matusi matupu, nijue u hai.

Kaka yako,
Kehinde