Homa ya Jumatatu si ya Shangazi

Mama mpendwa,

Mwidiwe, mama. Nakusalimu nikiwa nimekaa juu ya ndoo, karatasi iko gotini, nguo zangu za kazi zinakauka mlangoni. Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko? Yule mbuzi mweusi ameshazaa, au bado anawatania tu? Muhogo mmeuanika? Mimi leo ni mzima. Nasema leo kwa sababu leo ni Jumapili, na mbele utaelewa.

Najua unashangaa, barua ya nini na simu zipo. Mama, simu yako haina siri. Ukipokea tu unaweka spika, unaita majirani, na kabla sijamaliza salamu Busunzu nzima inajua nimekula nini. Hii isome peke yako kwanza. Biblia unaisoma bila miwani, haya hayatakushinda.

Nimesikia ulichomfanyia Shangazi Yunisi. Roda ameninong'oneza. Eti alikuletea maharage, ukayamwaga mbele yake, ukamwambia asikanyage tena uani kwako kwa sababu yeye ndiye anayeniroga. Dada wa baba! Mwanamke aliyenibeba mgongoni siku zote ulizolazwa hospitali ya Kabanga wakati wa kumzaa Roda! Na sasa unataka nije Pasaka unipeleke kwa mganga ng'ambo ya Manyovu. Wewe, mama wa kwaya. Ningecheka kama pangekuwa na cha kuchekwa.

Ulivyofikiri naelewa. Nilikuja Krismasi mzima, Shangazi akanifungia chupa ya asali, nikarudi huku, na siku ile ile niliyoingia kazini homa ikanishika, meno yanagongana. Ukasema kikulacho ki nguoni mwako. Mama, asali ile tuliilamba chumba kizima, chupa yenyewe tukaisuuza kwa chai. Mbona hukuuliza wenzangu wana hali gani?

Sasa nikueleze kazi yangu, maana nilikuambia nusu. Nilisema tunatengeneza mifuniko ya chuma, ile ya kufunika mashimo ya maji machafu barabarani. Ni kweli. Ila hicho chuma tunakiyeyusha sisi wenyewe, na ni skrepa tupu: mabomba, vyuma vya magari, mabati ya zamani. Bati lina ngozi ya zinki. Likiingia tanuruni unatoka moshi mweupe, unaelea kama unga wa muhogo unapotwangwa, unakaa kwenye kope, mdomoni unaacha utamu wa ajabu usiotamanika. Ukutani kuna feni kubwa za kuutoa nje, lakini haziwashwi, eti zinakula umeme. Badala yake jioni kila mtu anapewa pakiti ya maziwa, tunaambiwa yanaosha kifua. Na sisi Waha tukishapewa maziwa, nani atabisha? Tunakunywa na kushukuru.

Moshi ule ukiuvuta kila siku, mwili unauzoea. Ukipumzika, mwili unausahau. Ukirudi, unakupiga upya. Ndiyo maana homa yetu ni ya Jumatatu. Jumatatu jioni tunatetemeka, Jumanne tunajikongoja, Jumatano tunataniana kama kawaida. Baada ya likizo ndefu ndiyo mbaya kupita zote. Muda wote huo tulikuwa tunameza dawa za malaria. Daktari mmoja wa zahanati ya hapa ndiye aliyeniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Inakuja siku gani?" Nikamwambia. Akauliza kazi yangu, nikamwambia. Akasema, "Hiyo siyo malaria, kijana. Ni moshi. Homa itapita, lakini kifua chako kinaharibika taratibu."

Bado huamini? Juzijuzi transfoma iliungua, tukakaa bure wiki nzima. Sikuja huko, sikula cha mtu, Shangazi hana hata namba yangu mpya. Siku tuliyorudi kazini, chumba kizima kilitetemeka mpaka vitanda vikalia. Je, wote wale wana shangazi Busunzu?

Utasema, kama ni moshi si mseme. Walikuja wakaguzi, mama, watu wa serikali wa mambo ya usalama kazini. Asubuhi hiyo stoo ikafunguliwa, tukagawiwa glovu, buti, miwani na barakoa mpya zinanukia plastiki. Feni zikawashwa, majani ya kiota cha shomoro yakaruka kutoka ndani yake. Tanuruni kikawekwa chuma safi, bati hata moja hakuna. Mkaguzi mmoja, mama mpole, akasimama mbele yetu akauliza, "Kuna anayeumwa kwa sababu ya kazi hii?" Msimamizi wetu ni Zakaria, huyo huyo Zakaria wa Shangazi, binamu yangu aliyenitafutia kazi. Akacheka, akasema kwa Kiha kana kwamba anatutania, "Aliyechoka kula hapa, aseme." Mkaguzi hakuelewa. Tukanyamaza wote, na mimi nikiwemo. Unakumbuka baba alipokuwa akifukiza mzinga, nyuki wanalegea hata kuuma hawawezi? Ndivyo tulivyokuwa. Jioni tukarudisha vifaa na stoo ikafungwa.

Roda aliponipa habari zako, nilimfuata Zakaria chumbani kwake. Ilikuwa Jumatatu, naye nikamkuta amejikunja ndani ya blanketi, anatetemeka kama sisi tu. Nikamwambia, "Binamu, ni mama yako anayeitwa mchawi. Unajua fika kwamba ni moshi. Piga simu nyumbani, sema neno moja tu."

Akasema, "Neno hilo litarudi huku kabla wiki haijaisha. Nusu ya kiwanda ni watu wa Kasulu na Kibondo. Bosi atauliza ni nani anayetangaza kwamba moshi wake unaumiza watu."

"Na mama yako?"

Akageukia ukutani. "Mama atanisamehe. Bosi hasamehe."

Nilitaka kumpiga, mama. Wallahi nilitaka kumpiga, kama ningekuwa na nguvu. Na mimi miguu ilikuwa inanicheza kwa homa. Nikaishia kumchemshia chai.

Basi hivi ndivyo nilivyonasa. Nikisema, bosi atamuuliza Zakaria kwa nini alileta mtu mwenye mdomo, na Zakaria ndiye anayemlisha Shangazi. Nikinyamaza, Shangazi anabaki mchawi. Nikirudi nyumbani mtasema ameshinda, amenitoa kazini. Nikibaki mtasema bado ananifanyia. Hata kupumzika kwenyewe nakuogopa siku hizi, maana kupumzika ndiko kunakoniumiza. Nalala nikiwaza nitokee wapi, sioni. Naogopa, mama, sikufichi.

Lakini kuna moja limenishinda kabisa, nalo ni kumfikiria Shangazi amekaa peke yake na chungu chake cha maharage, hana wa kumpakulia. Kwa hiyo nakuomba, nakuomba sana. Chukua kikapu, uende kwake. Usiende kwa kujificha jioni, nenda mchana, wale walioona maharage yakimwagwa waone na hili. Mwombe radhi. Akikupakulia, kula. Watu wakiuliza ni nani aliyesema ni moshi wa kiwanda, sema ni mimi, Yeremia, na wala usimtaje Zakaria. Nami mkaguzi yule akija tena nitajaribu kufungua mdomo. Nasema nitajaribu. Huenda Zakaria akaguswa hata hivyo, kwa kuwa ndiye aliyenileta. Hilo nimeliwaza mpaka kichwa kinauma, jibu sijapata.

Msalimie sana Roda, mdogo wangu, mwambie masikio yangu bado yako wazi. Msalimie mjomba anayetunza mizinga ya baba, na mwalimu wa kwaya yako, mwambie asikuache uimbe Jumapili kabla hujaenda kwa Shangazi. Wa nyumba ya jirani wote wasalimie, wale wa kwenye spika.

Kesho ni Jumatatu, nitaumwa. Na Jumatatu utakayokuwa na barua hii mkononi nitakuwa naumwa vilevile. Ukinikumbuka siku hiyo, geuza macho yako yasiende kwenye mlango wa Shangazi.

Akulinde Mungu mpaka tuonane, akupe na magoti mapya.

Ni mimi mwanao,
Yeremia

Nilitaka kusahau. Baada ya kula, msomee Shangazi barua hii yote, ila ukifika pale pa Zakaria na blanketi, paruke. Asiyasikie yale maneno ya mwanawe. Namjua Shangazi, atamsamehe hapo hapo, kijiko kikiwa bado mkononi, na mimi sitaki ajue kwamba mwanawe alilitegemea hilo.