Mjusi wa Tendaguru Nimemwona

Berlin, 9 Januari 2024

Mdogo wangu Husna,

Assalaam aleikum. Natumaini ujumbe huu unakukuta mzima, wewe na wanao na majirani wote wa Masuguru. Presha inasemaje? Vidonge unameza au unavitazama tu? Mimi sijambo, ila goti linalalamikia baridi.

Leo ni wiki ya saba tangu nije kumsaidia Hiza kulea. Mjukuu ameshajua kucheka. Lakini nikuambie ukweli, mji wenyewe sijauona. Ninachokijua ni jiko, dirisha na duka la pembeni. Nikimwomba Hiza anitembeze, anasema, "Mama, theluji inateleza na lugha huijui. Subiri kiangazi." Kiangazi kinaanza Juni. Viza yangu inaisha Februari. Mwanangu ni mhandisi, hesabu hiyo imemshindaje?

Kuna kitu nakitaka. Miaka thelathini na moja nimefundisha historia Handeni, na kila mwaka nimemchora kwa chaki yule mjusi mkubwa wa kale, nikiwaambia watoto kwamba Wajerumani waliichimba mifupa yake Tendaguru, kule Lindi, wakaileta Berlin. Sasa niko Berlin. Nirudi bila kumwona?

Alhamisi ya wiki ijayo mkwe wangu haendi kazini, atakaa na mtoto. Nitatoka.

Dada yako,
Mwaija

Korogwe, 11 Januari 2024

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, vidonge nameza, na mvua ya vuli bado imegoma kuondoka. Pole na goti.

Hiza amenipigia. Kumbe na yeye umemwambia. Ameniomba nikuseme, kwa hiyo nakusema: usiende. Una miaka sitini na nne. Ukianguka huko njiani, nani atajua wewe ni mama wa nani? Mjusi mwenyewe alikufa kabla ya Adamu, hana haraka ya kukuona. Lea mjukuu, urudi salama.

Mdogo wako,
Husna

Korogwe, 18 Januari 2024, saa kumi na moja jioni

Dada, shikamoo.

Hiza amepiga mara tatu. Anasema umetoka tangu asubuhi na simu yako haipatikani. Nimemwambia dada yangu ana akili zake, lakini mwenyewe nimekaa hapa mkekani, hata mchele nimeshindwa kuchagua. Ukisoma hii, andika neno moja tu.

Husna

Berlin, 20 Januari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na unisamehe kwa kukuweka roho juu. Simu ilizimika kwa baridi, na nilipofika nyumbani palikuwa na vita.

Nilivaa soksi jozi tatu, nikajifunga khanga ndani ya koti. Treni ya chini ya ardhi ikanishusha karibu na lango lao kubwa lenye farasi juu. Binti mmoja akanipa simu yake nimpige picha na mchumba wake. Nikawapiga, na vichwa vyote vikatokea. Kisha nikavuka mto. Kandokando maji yameganda, bata wamesimama juu yake kama wanasubiri basi. Mbele kidogo nikateleza, nikaanguka chali mbele ya watu. Nikainuka, nikajikung'uta, nikaendelea. Hilo Hiza hajui.

Nikafika jumba la makumbusho. Husna, yule mjusi ni mrefu. Chaki yangu ilimdhulumu miaka yote ile. Nilisimama miguuni pake, nikainua uso, na machozi yakanitoka. Palikuwa na watoto wa shule na mwalimu wao. Mwalimu akaniuliza kwa Kiingereza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, mimi ni mwalimu mwenzake, na huyu ametoka kwetu. Akaniomba niwaelezee watoto, yeye atafsiri.

Nikawaambia mifupa hii ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, na waliobeba ni watu wetu. Msichana mmoja wa kofia nyekundu akauliza, "Waliobeba, walikuja kumwona akiwa amesimama?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Nyumbani nilimkuta Hiza mlangoni, bado amevaa koti.

"Mama, umeniaibisha. Nimeacha kazi, nimezunguka vituo vya treni kama mwendawazimu."

"Pole kwa hofu niliyokutia, mwanangu. Lakini kwa kwenda, sikuombi radhi."

"Niahidi hutarudia."

"Siahidi. Nimekuja kukusaidia kulea, sikuja kufungiwa. Jumanne natoka tena. Ukitaka tufuatane, karibu."

Leo asubuhi nimekuta viatu vya theluji mlangoni, vipya, kipimo cha mguu wangu. Hiza mwenyewe ameshatoka.

Dada yako,
Mwaija

Bungu, 3 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Tazama tena jina la mahali hapo juu. Ndiyo, Bungu, kwetu.

Miaka sita wanangu wananizuia kupanda huku. Mara presha, mara kona za mlima, mara utelezi. Kaburi la mama nimekuwa nikiliombea dua kwa mbali, kama vile ni mimi niliye Ulaya. Niliusoma ujumbe wako mara nne. Leo alfajiri nikafunga mlango, nikapanda gari la milimani, nikaomba kiti cha mbele nione vizuri. Kwenye kona nilisoma dua zote ninazozijua, lakini macho sikufumba.

Kaburi lilikuwa limemezwa na majani. Nimelipalilia kwa mikono yangu mpaka jiwe limeonekana. Sasa nimekaa kwa shangazi Mwanaisha, ukungu umeingia hadi jikoni, nami nakunywa chai ya moto na ndizi za kuchemsha. Presha sijaipima na sina mpango.

Wanangu wameshaanza kupiga. Nimewaambia niko kwa mama, nikakata. Wakikupigia na wewe, usiniombee msamaha. Nitashuka nikitaka.

Mdogo wako,
Husna