Breki za Isaya na Mteremko wa Lugarawa

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulikuwa mkali kwa mtoto anayeingia na habari kabla ya salamu, na mimi nina habari, tena njema, nimekaa nayo tangu Jumamosi.

Unakumbuka lile lori lako la viazi? Tukifunga shule ulikuwa ukinipandisha mbele, tunakwenda Mawengi kuchukua mzigo. Kila tulipofika kwenye mteremko ulirudisha gia, lori likanguruma, tukashuka taratibu mpaka mimi naona aibu. Wenzako walitupita wameweka gari fri, bila gia, injini zimenyamaza, wanaokoa mafuta, wanatupigia honi za kejeli. "Waache," uliniambia. "Kazi ya gia wanaibebesha breki." Sikuelewa neno. Mimi nilikuwa nawaza mahindi ya kuchoma uliyoniahidi tukifika.

Halafu siku ile ukaendesha lori la mtu mwingine, lako likiwa gereji. Breki zikachemka katikati ya mteremko, pedali ikazama mpaka chini, nawe ukalipeleka lori korongoni ili usiliparamie basi lililokuwa linapanda na abiria. Tulisimuliwa na abiria wenyewe, walipokuja msibani. Mama aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akasema barabara ile hataipita tena. Tulidhani ni maneno ya uchungu, yatapoa. Wewe ndiye uliyemuoa, Baba, unamjua. Hakupita. Mdogo wake, mama mdogo Upendo, kwa kuwa ameolewa Lugarawa, ng'ambo ya mteremko ule, akawa ndugu wa kwenye simu. Harusi za watoto wake tulikwenda mimi na Isaya, mama akabaki Njombe, akituma vitenge.

Mwaka huu mama mdogo ameugua, akalazwa kule hospitali ya misheni. Walikuwa wakiongea kila siku, na kila siku sauti ya mama mdogo inazidi kuwa ndogo. Akishakata simu mama alikuwa anakwenda kukaa jikoni, wala hapiki chochote. Nilikuwa naogopa, Baba. Niliogopa atazikiwa mdogo wake huku yeye amekaa kwenye kigoda Njombe.

Sasa nikueleze kuhusu mwanao. Isaya ana duka la simu Makambako, na kitu anachokipenda kuliko duka ni gari lake. Dogo, la bluu, lina turbo, ekzosi yake inaamsha watoto wa jirani. Ukimpigia ukamwambia unabandika chai Njombe, anafika haijachemka. Alipomwambia mama kwamba atampeleka Lugarawa, mama alimtazama kuanzia viatuni.

"Kwa jini lako hilo?"

"Mama, nitabadilisha breki. Kukimbia napenda, sikatai. Lakini hizi zilizopo ni za gari la kwendea sokoni, na injini yangu si ya sokoni."

Akaagiza kila kitu kwa ushauri wa rafiki zake wa Dar es Salaam, na wao wakamchagulia pedi kali kabisa, za magari ya mashindano. Alizifunga, akaja nazo kwa majivuno. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, umande umeganda juu ya majani, gari limelala nje usiku kucha. Mama alikubali kupelekwa kanisani tu, apime. Unakumbuka uwanja wetu unavyoteremka kuelekea getini. Isaya aliliachia gari, akakanyaga breki, na gari likaendelea na safari yake. Lilikwenda polepole, kwa adabu, likaingia kwenye mianzi yako ya kugema ulanzi, ndipo likasimama.

Mama alishuka, akakung'uta kitenge.

"Mianzi ya baba yenu ina breki kuliko gari lako," akasema, akaenda kanisani kwa miguu.

Kumbe pedi za mashindano hazishiki mpaka zipate moto sana. Hao wa Dar es Salaam wangejuaje? Njombe mwezi wa saba mtu mwenyewe anaamka vidole havishiki kikombe, sembuse pedi. Na Isaya amezaliwa kwenye baridi hii hii! Nilimcheka mpaka akanuna.

Akarudi kwa fundi wake Makambako, mzee Salumu, wakaanza upya. Safari hii nilikuwepo. Walifunga diski kubwa kuliko za mwanzo, pedi za barabarani zinazoshika hata zikiwa baridi, na mipira ya breki iliyosukwa kwa waya, isiyovimba ukikanyaga kwa nguvu. Mafuta ya breki nayo wakayamwaga yote, wakatia mapya yanayostahimili joto. Hapo Isaya aliichukua chupa, akasoma maandishi yake mpaka mwisho. Nilijua anamuwaza nani.

Pedi mpya lazima zizoeane na diski, kwa hiyo tukatoka mjini kwenye sehemu iliyonyooka. Anakimbiza, anakanyaga, kabla halijasimama anakimbiza tena. Kina mama wauza viazi kila tulipopunguza mwendo walitukimbilia na ndoo zao, na kila walipotukaribia tukaondoka. Mmoja alitutukana vizuri sana. Wakati wa kurudi nilimlazimisha Isaya asimame anunue.

Ijumaa alilala Njombe, na gari likalala nje. Asubuhi akamwita mama uwanjani. Aliliachia gari baridi lile lile literemke, akalisimamisha mbali na geti. Akarudi juu, akarudia, na akarudia tena. Mama alisimama amekunja mikono.

"Na breki zikichemka?" akauliza.

"Ndiyo maana nimebadilisha mpaka mafuta, Mama. Na nitashuka kwa gia."

Mama aliingia ndani. Nilidhani imekwisha, kumbe amekwenda kuvaa sweta.

Tulipoanza mteremko, ukungu ulikuwa mzito. Isaya, mtu wa turbo, alishuka kama anabeba mayai, injini inanguruma, na mama ameushika mkono wangu mpaka unauma. Mahali pako, pale korongoni, tulipajua wote watatu. Tulipomaliza kona, matawi ya miti, alama ya hatari, yakatokea barabarani, na nyuma yake lori limeharibika, limeziba upande wetu wa njia. Isaya akakanyaga. Mkoba wa mama uliruka chini, gari likanyooka, likatulia hatua chache kabla ya matawi.

"Limesimama?" mama akauliza, amefumba macho.

"Limesimama, Mama."

Akafumbua, akatazama lori, akatazama korongo. Akaachia mkono wangu. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akaokota mkoba wake. "Haya, lizunguke. Upendo ananisubiri."

Baba, ungewaona wodini. "Kamwene," mama alimsalimia, na mama mdogo, aliyekuwa hanyanyuki, alinyanyuka. Walishikana, wakacheka na kulia kwa Kibena, wakatusahau kabisa. Jioni mama mdogo alikunywa uji wote, akaomba mwingine. Nesi anasema anaendelea vizuri. Nimepumua, Baba.

Mama amebaki kule. Wakati tunaondoka alikuja dirishani upande wa Isaya, akaegemea mlango. "Mkifika pale," akasema, "mwambieni baba yenu nimepita."

Tulipofika pale Isaya aliegesha pembeni. Tulishuka, tukasimama, na hakuna aliyeweza kutoa neno, si mimi wala yeye. Tukapanda gari tukarudi Njombe na ujumbe wa mama. Ndiyo sababu nakuandikia.

Baba, mama amepita.

Lala salama,
Binti yako mkubwa