Sahani Nyekundu ya Mama Bilonda

Siku ya posho, Jumamosi, mangaribi

Na jirani analishaka kuku mu ile sahani! Niko na ya manjano, ya kijani na ya bulu, zote Bamerika ba misioni baliacha. Nyekundu njo inakosa mu kabati yangu, na iko kwa jirani, Mama Bilonda, bibi ya militeri. Wivu inanikula.

Juzi aliniletea samaki mu ile nyekundu. Kwetu sahani ya jirani hairudi utupu. Basi nikamwambia sina kitu ya kutia, angoje kidogo.

Leo amekuja na unga mu kitambaa, anasema polepole: «Mama, tia hii, unirudishie bila haya.»

Nikapokea. Unga yangu iko gunia mzima chini ya kitanda, na sahani yake juu ya gunia.