Nuhu Aliingia Safinani Mara Mbili

Mke wangu Somoe,

Miguu imevimba hadi magotini, na tabibu wa zahanati ya serikali alinipa dawa bila kunitazama usoni. Nimeelewa. Ndiyo maana naandika leo, macho yangali yanauona mstari.

Tangu uondoke, nyumba hii haina sauti ila kikohozi changu. Kinu chako nimekifudikiza uani. Mzee Kasimu, jirani yetu Mmatumbi, huniletea uji asubuhi akitoka msikitini. Leo amenikuta na kalamu, akasema, "Mwalimu, unamshitaki nani tena kwa Bwana Shauri wa wilaya?" Nikamjibu namwandikia Somoe. Akaweka bakuli chini, hakutania tena.

Nina jambo la kuungama, na si kwa padre.

Unaikumbuka Jumapili ile katika kanisa letu la makuti hapa Kibiti, tuliposoma habari za gharika. Padre mpya, yule Mwingereza mkali, alikuwa amekaa nyuma akinipima. Ukasimama, kidole kikiwa kwenye ukurasa. "Mwalimu, hapa wanyama ni wawili wawili, pale ni saba saba. Na Nuhu ameingia safinani mara mbili! Alitoka lini?" Watu wakacheka. Wewe hukucheka. "Hawa ni wasimuliaji wawili. Mmoja anataja siku arobaini, ni kama mtu wa Ngarambe kule juu, aliiona mvua tu. Mwingine anasema mia na hamsini. Huyo ni kama sisi wa Chumbi, bondeni kwa mto, amekaa juu ya dungu, kibanda cha nguzo ndefu shambani, akingoja maji yatoke kwenye mpunga."

Nami nikakwambia, mbele ya wote: "Kaa chini. Neno la Mungu si porojo za kisimani."

Ukakaa.

Somoe, nilikuwa najua. Padre wa kwanza, kabla hajahamishwa, aliniachia kitabu cha wasomi wa Ulaya. Wanalinganisha maneno, hesabu, hata namna Mungu anavyotajwa, hapa Bwana, pale Mungu, wanaona masimulizi mawili yaliyosukwa pamoja kama ukili wa mkeka. Gharika ndiyo mfano wao mkubwa. Kitabu hicho kilikuwa sandukuni, chini ya kitanda tulicholalia, upande wako.

Nilimwogopa padre, ni kweli. Angeninyang'anya darasa. Lakini hiyo ni nusu tu, na sina umri wa kusema nusu. Mimi nilikihitaji kitabu hicho ili nione. Wewe, niliyekufundisha herufi miaka mitatu tu kabla, uliona peke yako, kwa sababu ulizaliwa penye maji. Hilo ndilo sikulivumilia.

Hukuuliza tena. Nilisoma kila jioni, ukasikiliza, ukasema, "Ndiyo, Mwalimu." Humu ndani, mezani, kitandani. Ndiyo, Mwalimu. Kabla ya Jumapili ile ulikuwa ukiniita kwa jina langu. Hata siku yako ya mwisho, nilipokupa maji, uliniita... basi.

Nimekisoma tena kile kitabu. Zamani nilidhani kinabomoa imani. Sasa naona kitu kingine: kuna mtu wa tatu, yule aliyeyaunganisha masimulizi. Aliona hesabu hazilingani. Angeweza kumfuta mmoja. Hakumfuta. Alimwacha kila mmoja aseme maji aliyoyaona. Mimi nilikuwa na msimuliaji mmoja tu nyumbani, nikamfuta.

Jana nilichukua penseli nyekundu na ya buluu, nikapiga mistari katika Biblia yako. Nyekundu kwa mtu wa mvua, buluu kwa mtu wa Chumbi. Mistari imepinda.

Jumapili Mzee Kasimu atanishika mkono hadi mlangoni mwa kanisa. Nitasoma nyekundu, mtu mwingine asome buluu. Padre yule yule atakuwepo. Nitasema ni nani aliyezitambua sauti hizo mbili, na ni nani aliyemwambia akae chini. Nakuahidi, hata kama itabidi niseme nikiwa nimekaa.

Pumzika, Somoe. Siku si nyingi nitafika huko. Ukinisikia nabisha hodi, usiniite Mwalimu.

Mumeo,
Petro